KUSOMA PASIPO KUFAHAMU: FIKIRA JUU YA BIBLIA NA WAJIBU WA MSOMAJI

Utangulizi

Swali tunalokusudia kulichambua katika makala haya ni fupi: Je, mtu aiaminiye Biblia ana wajibu wa kuifahamu, au yatosha kwake kuiamini tu? Hapo kwanza swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wachungaji na mapadre, wala si la walimu wa lugha. Lakini kufahamu maandishi ndiyo kazi yetu ya kila siku. Mwanafunzi anapoeleza utenzi au habari ya gazeti kinyume cha maneno yalivyo, sisi ndio tunaomrudisha kwenye maneno yenyewe. Kwa hiyo tutasema juu ya Biblia kwa upande ule tu unaotuhusu, yaani kwa kuwa ni maandishi yasomwayo na watu wengi mno katika nchi zetu za Maziwa Makuu, mara nyingi kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa sauti mbele ya watu wengine. Imani ya mtu hatutaipima. Kipimo chake hatunacho.

Tena yafaa tukumbuke kwamba uhusiano wa dini hii na usomaji ni wa tangu mwanzo katika sehemu zetu. Katika Buganda ya miaka ya 1880, watu waliofuata mafundisho mapya waliitwa abasomi, maana yake wasomaji. Huko Ukikuyuni waliitwa athomi, neno la maana ile ile. Mkristo alitambulikana si kwa mavazi yake wala kwa chakula chake, bali kwa kitabu alichokishika mkononi. Basi kuuliza jinsi ya kukisoma kitabu hicho si kuleta jambo geni. Ni kuuliza maana ya jina lile ambalo wazee wetu walipewa.

Majibu mawili ya kawaida

Swali letu hujibiwa kwa namna mbili. Wa kwanza husema: imani haihitaji maelezo. Mtoto hula ugali akashiba, wala hajui shamba lililimwa vipi. Na muumini naye hulishwa na neno hata asipojua liliandikwa na nani wala kwa sababu gani. Wa pili husema: maana ya maandiko ni kazi ya wenye elimu. Wao wamesoma Kiebrania na Kiyunani. Sisi wengine kazi yetu ni kusikiliza.

Majibu haya si ya kudharauliwa. La kwanza lina unyenyekevu ndani yake, na la pili lina heshima kwa elimu. Hata hivyo yote mawili yana kosa moja: yanachukulia kwamba asiyefahamu hujidhuru mwenyewe tu, kama mtu anywaye dawa asiyoijua. Lau ingekuwa hivyo, lingekuwa shauri lake. Lakini neno lililosomwa halikai moyoni mwa msomaji peke yake. Hutoka likawa hukumu juu ya mke, juu ya mtoto, juu ya jirani na juu ya kabila zima. Hapo ndipo kutofahamu kunapoacha kuwa upungufu wa elimu na kuwa jambo la wema na ubaya. Tutatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu gharama yake ililipwa katika nchi zetu wenyewe.

Laana ambayo haikuandikwa

Watu wengi wamesikia kwamba Biblia inasema Hamu alilaaniwa, na kwamba sisi Waafrika ni wana wa Hamu. Tuifungue sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo tusome kama tunavyowafundisha wanafunzi kusoma. Baada ya gharika Nuhu alipanda mizabibu, akanywa mvinyo, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu, mwanawe, aliuona uchi wa babaye, akatoka nje akawaambia ndugu zake wawili. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaingia kinyumenyume ili wasimtazame baba yao, wakamfunika. Nuhu alipoamka na kujua yaliyotendeka, alitamka laana ya utumwa.

Sasa tuulize maswali ya darasani. Nani anenaye? Ni Nuhu, aliyelevuka punde tu, si Mungu. Nani anayelaaniwa? Si Hamu. Anayetajwa ni Kanaani, mwana mmoja wa Hamu. Je, Hamu alikuwa na wana wengine? Naam, sura ya 10 inawataja wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi, ambaye jina lake katika Biblia huitwa nchi iliyo kusini ya Misri, hamo kabisa katika laana ile. Je, rangi ya ngozi imetajwa? Haikutajwa hata kwa neno moja. Je, yapo maneno juu ya Hamu mwenyewe katika sura iyo hiyo? Yapo: mwanzoni mwa sura, Mungu anambariki Nuhu pamoja na wanawe, na Hamu ni mmoja wao. Mwisho tuulize, habari hii iliwahusu nani ilipoandikwa? Iliwahusu Waisraeli, ambao jirani zao na adui zao katika nchi ile walikuwa Wakanaani.

Kazi hii yote haikutaka Kiebrania. Ilitaka msomaji aanze juu ya ukurasa na afike chini. Lakini kwa karne nyingi wafanya biashara wa watumwa na watetezi wao waliitumia habari hii kuhalalisha kumfunga Mwafrika minyororo, na wengi waliowasikiliza walikuwa na kitabu chenyewe mkononi.

Kisha likatokea jambo la ajabu zaidi. Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walilichukua jina lile lile la Hamu wakaligeuza. Waliposhangazwa na ukuu wa Misri ya kale na utaratibu wa falme za Kiafrika, walisema kwamba wana wa Hamu walikuwa taifa jeupe, au karibu na weupe, lililoleta ustaarabu kwa watu weusi. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake juu ya chanzo cha mto Nile kilichotoka mwaka 1863, alidai kwamba jamaa za wafalme wa sehemu hizi zilitoka kaskazini, upande wa Ethiopia, na ya kuwa zilikuwa damu mbali na raia wao. Hivyo jina lililotumiwa kwanza kuwatweza Waafrika wote sasa likatumiwa kuwatukuza wachache juu ya wengi. Msomaji na atafakari: aya inayoweza kuthibitisha jambo na kinyume chake, kwa kadiri ya haja ya mwenye nguvu, haithibitishi lolote. Anayesema si aya tena, ni mwenye nguvu.

Katika Rwanda na Burundi fikira hizo ziliingia katika shule na katika afisi za serikali. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake. Mwezi Novemba mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alisimama mbele ya umati akanena juu ya kuwarudisha Watutsi kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Kati ya Aprili na Julai 1994 mto huo ulichukua maiti, na watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama wakauawa humo humo, mahali ambapo Biblia ilikuwa imesomwa kila Jumapili.

Hatusemi kwamba aya moja ndiyo iliyoua. Walioua ni watu, na sababu zao zilikuwa nyingi: siasa, ardhi, vita na hofu. Tunalosema ni kwamba uwongo ule ulipita kwa miaka zaidi ya mia ukivaa joho la Maandiko, na watu elfu kwa elfu waliojua kusoma hawakuuvua joho hilo. Anayeweza kusoma akaacha kusoma hadi mwisho hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakujua.

Waliojua nguvu ya kufahamu

Kama kuna mtu adhaniye kwamba kufahamu ni jambo dogo, na atazame matendo ya wale walioliogopa. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya sehemu zilizochaguliwa, iliyokusudiwa watumwa weusi wa visiwa vya Waingereza huko West Indies. Kisa cha Waisraeli kutoka utumwani Misri kiliondolewa humo. Waliokiondoa hawakuwa na haja ya kuambiwa kwamba mtumwa ana akili. Mkasi wao ulikuwa umekwisha kukiri hivyo. Walijua kwamba mtu aliyefungwa, akisoma habari ya watu waliofunguliwa, atafahamu.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuharibu usomaji. Moja ni kukata maneno yaliyomo, na nyingine ni kutia maneno yasiyokuwamo. Ile ya mkasi ni rahisi kuitambua, kwa kuwa kitabu huwa chembamba. Ile ya kutia ni ya hatari zaidi, kwa sababu kitabu hubaki kizima na msomaji hudhani ameyaona machoni mambo ambayo aliyasikia tu.

Mazoea yanayofunika maana

Iko sababu nyingine ya kutofahamu, nayo haitokani na hila ya mtu. Ni mazoea. Chukua mfano wa Msamaria. Leo katika Kiswahili mtu akiokota pochi akairudisha, magazeti humwita msamaria mwema. Neno limekuwa sifa. Lakini kwa wale waliousikia mfano ule kwanza, Msamaria alikuwa mtu wa kuepukwa, mtu wa damu iliyochanganyika na ibada iliyopotoka. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, kana kwamba anataka mpaka wa ujirani uchorwe. Yesu hakumchorea mpaka. Alimsimulia habari ya kuhani na Mlawi waliopita kando ya mtu aliyejeruhiwa, na ya Msamaria aliyesimama. Kisha akageuza swali, akamtaka aseme ni nani kati ya hao watatu aliyejifanya jirani. Mwanasheria hakulitaja jina la Wasamaria katika jibu lake. Alisema tu kwamba ni yule aliyemhurumia.

Basi anayetaka kuufahamu mfano huu leo hana budi kuweka mahali pa Msamaria jina la watu ambao yeye mwenyewe hapendi kuketi nao. Bila hivyo amesoma hadithi tamu ya ukarimu, na ule mwiba uliokuwamo haukumchoma. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wanamgambo waliivamia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Hatudai kujua kila mmoja wao alikuwa na aya gani moyoni. Lakini swali la mwanasheria liliulizwa tena usiku ule kwa bunduki, na vijana wale walilijibu kama lilivyojibiwa katika mfano. Huko ndiko kufahamu.

Maneno ya Kiswahili na faida yake

Hapa mwalimu wa Kiswahili anayo nafasi ya pekee. Biblia ya Kiswahili ina historia ndefu. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Tafsiri iliyoanzishwa Unguja na Edward Steere na kuendelezwa na wenzake ilizaa Biblia nzima mwaka 1891. Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937, akijitahidi kuyaepuka maneno yenye asili ya Kiarabu. Tafsiri ya Muungano ilitoka mwaka 1952, na ile iitwayo Habari Njema ilikamilika katika miaka ya 1990. Kila mmoja wa hao alilazimika kuchagua maneno, na kila chaguo lilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Tazama neno haki. Katika lugha nyingine za Ulaya, uadilifu wa mtu mbele ya Mungu una neno lake, na stahili ya mtu mbele ya hakimu ina neno lake. Kiswahili kina moja tu. Kwa hiyo Mswahili asomapo kwamba wenye njaa na kiu ya haki wana heri, husikia kwa pamoja sala na baraza, moyo safi na shamba lililoporwa. Nalo neno la Kiyunani lililotumika pale lina upana kama huo. Hapa lugha yetu imehifadhi kitu ambacho wengine wamekipasua vipande viwili.

Tazama tena maneno mtume na mtumwa. Yote mawili yanatokana na kutuma. Mmoja hutumwa kwa heshima, mwingine hutumwa kwa nguvu. Paulo hujiita kwa majina yote mawili katika barua zake, na msomaji wa Kiswahili huuona ukaribu wa mashina hayo kwa macho. Lakini msomaji huyo huyo akumbuke kwamba katika pwani yetu neno mtumwa si fumbo. Kanisa kuu la Waanglikana huko Unguja lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, tena mahali pale pale palipokuwa na soko. Mtu asomaye barua ya Paulo kwa Filemoni akiwa na jiwe lile mbele yake hatasoma neno mtumwa kwa wepesi. Ataona kwamba Paulo anamrudisha Onesimo akiomba apokewe kama ndugu mpendwa na si kama mtumwa tena, naye atauliza kwa nini ombi hilo lilichukua karne nyingi kusikiwa.

Lakini kuna milango iliyofungwa pia. Katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana, Yesu anamwambia Nikodemo juu ya upepo na juu ya Roho. Katika Kiyunani neno ni moja, na mchezo wote wa maana umo katika umoja huo. Katika Kiswahili maneno ni mawili, na mwanafunzi hupita bila kuona kitu. Mwalimu anaweza kumwonyesha kwa dakika moja, hasa akimkumbusha kwamba sisi nasi tunayo maneno upepo na pepo yaliyo ndugu.

Hoja za kupinga

Kuna atakayesema: mkimpa kila mtu wajibu wa kufahamu, mtapata maana nyingi kama vichwa vya watu, na kanisa litavunjika. Hofu hii ina msingi. Hata hivyo, dawa yake si kuacha kufahamu. Maana zinazogombana haziwezi kupatanishwa ila kwa kurudi pamoja kwenye maneno, na anayerudi kwenye maneno amekwisha anza kufahamu. Wenzetu Waislamu wanalijua jambo hili vema. Elimu ya tafsiri ya Kurani imejengwa kwa karne nyingi kwa sababu waumini walitambua kwamba kuhifadhi ni kitu kimoja na kueleza ni kingine.

Mwingine atauliza: vipi basi kuhusu bibi kizee asiyejua kusoma, ambaye maisha yake yote ni ibada na ukarimu? Je, ameshindwa wajibu wake? Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo, alilitazama swali la jinsi hiyo katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo. Alisema kwamba yeyote adhaniye ameyafahamu Maandiko, lakini ufahamu wake haujengi upendo kwa Mungu na kwa jirani, bado hajayafahamu. Aliyekosea maana lakini akafikia upendo ni kama mtu aliyeiacha njia na kukata porini, kisha akafika pale pale njia iendako. Hata hivyo Augustino hakuishia hapo. Aliongeza kwamba mtu huyo yafaa arekebishwe, asije akazoea kuiacha njia na siku moja akapotea kabisa.

Hukumu hiyo twaiona kuwa ya haki. Bibi yetu amefika. Lakini yeye hasimami mimbarani. Wajibu wa kufahamu hupimwa kwa sauti ya mtu: anayesikilizwa na mmoja ana wajibu wa mmoja, na anayesikilizwa na mia ana wajibu wa mia. Barua ya Yakobo nayo yaonya kwamba wasiwe wengi wanaotaka kuwa walimu, kwa kuwa walimu watahukumiwa kwa ukali zaidi. Onyo hilo, ndugu walimu, halikubagua mwalimu wa dini na mwalimu wa lugha.

Ama kwa wale wanaoogopa kwamba kuuliza maswali kutapunguza imani, tunawakumbusha msafiri wa Kiafrika atajwaye katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Alikuwa Mkushi, mtunza hazina wa malkia wake, akirudi kutoka Yerusalemu huku akisoma kitabu cha Isaya garini. Filipo alipomuuliza kama aliyafahamu aliyoyasoma, hakuona haya. Alijibu kwamba hawezi asipopata mtu wa kumwongoza, akamkaribisha apande. Swali alilouliza baada ya hapo ndilo la msomaji hodari: nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mwingine? Ubatizo wake ulikuja baada ya swali, haukuja badala ya swali.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo ina mahali pake, lakini mwalimu hawezi kuishi nayo, kwa sababu kazi yake ni kumwambia maana yule yule asiyeijua. Tunapendekeza basi kwamba tunapowafundisha vijana ufahamu wa habari tuwazoeze maswali machache wanayoweza kwenda nayo popote: Nani anasema? Anamwambia nani? Kabla ya maneno haya yamesemwa nini, na baada yake? Neno hili lilikuwa na maana gani lilipoandikwa? Na nikitenda kwa kadiri ya maana hii niliyoipata, nani ataumia?

Swali la mwisho halimo katika vitabu vya sarufi. Lakini lau wangeliuliza wale walioisikia habari ya Hamu na kunyamaza, huenda uwongo ule usingalifika mbali hivyo. Kijana atakayezoea kuliuliza juu ya utenzi na juu ya gazeti hataliacha mlangoni siku aingiapo kanisani.